Land Rover ya zamani: namna ya kuinunua, kuiendesha na kuiuza

Lala chini ya gari kabla hujalizunguka. Hilo ndilo neno la kwanza ninalompa yeyote anayetaka kumiliki Land Rover ya zamani, na ndilo ambalo sikulifanya niliponunua ya kwanza. Ilikuwa 109, ile ndefu, ya kijani, imetoka kupakwa rangi, milango inafunga vizuri, injini inaunguruma kwa utulivu. Nikalipa, nikaondoka nayo. Wiki ya tatu nilipata pancha. Nikaweka jeki chini ya mhimili wa nyuma wa chasisi, nikaanza kuzungusha, gari likakataa kupanda. Nilipoinama kutazama, kichwa cha jeki kilikuwa kimezama ndani ya chasisi kama kidole ndani ya embe lililooza. Kutu ilikuwa imekula chuma chote, na kilichobaki ni rangi.

Sababu ya jambo hilo iko kwenye historia ya gari lenyewe. Kampuni ya Rover ya Uingereza, chini ya fundi wake mkuu Maurice Wilks, ililionyesha gari hili kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma kiligawiwa kwa kibali, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chasisi kwa chuma. Bodi haishiki kutu nyekundu hata baada ya miaka 60. Chasisi inashika, tena inaoza kuanzia ndani kwenda nje. Ndiyo maana Land Rover inaweza kung'aa juu huku chini imekwisha.

Ukinunua gari hili, unanunua vitu viwili: chasisi na kadi. Injini, gia, viti, vioo na taa vyote vinapatikana au vinatengenezeka.

Jua unatafuta ipi

Mafundi na wenye magari huzitaja kwa vipindi. Series I ni ya 1948 hadi 1958, na hapa kwetu ni adimu. Series II ilianza 1958, IIA ikafuata 1961 hadi 1971, kisha Series III hadi 1985. Maana yake hata III changa kabisa imeshapita miaka 40. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria kuanzia miaka 30, kwa sharti kwamba limetunzwa katika hali yake ya asili na si usafiri wa kila siku.

Kuzitofautisha si kazi. Kama taa kubwa ziko katikati, ndani ya wavu wa mbele, hiyo ni ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960. Kama taa ziko kwenye mabawa, yaani madigadi, na geji bado ziko katikati ya dashibodi, ni IIA ya mwisho. Kama geji ziko mbele ya dereva na wavu wa mbele ni wa plastiki, ni III.

Kisha kuna urefu. Namba 88 na 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 88 ni fupi, nyepesi, inageuka kirahisi. 109 inabeba familia au magunia, lakini inakunywa zaidi na inataka mikono yenye nguvu kuiegesha.

Kwa injini, ushauri wangu ni petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Dizeli ya ukubwa huohuo ipo, na ikiwa nzima ni mvumilivu, lakini ikichoka inakuwa ngumu kuwaka asubuhi za baridi, na kupanda mlima nayo kunahitaji subira. Petroli inafunguliwa na fundi yeyote aliyekua kabla ya kompyuta kuingia kwenye magari.

Kadi kabla ya injini

Hapa watu wengi wanaona aibu kuuliza, na hapa ndipo pesa inapopotea. Omba kadi ya gari kabla hujaomba ufunguo. Soma jina, namba ya chasisi, namba ya injini. Halafu nenda ukatafute namba yenyewe kwenye chuma.

Kwenye II, IIA na III, namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi cha mbele, upande wa kulia. Usitegemee kibati kilichofungwa ndani kwa riveti, kwa sababu kibati kinahamishika. Beba brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na chaki. Sugua pale hadi matope na grisi viondoke, kausha, kisha pitisha chaki kwa ubapa. Unga unajaa kwenye mikato na namba inajitokeza nyeupe, tarakimu moja baada ya nyingine. Dakika kumi tu. Ikilingana na kadi, endelea. Isipolingana, simama hapo hapo hata kama gari limekupendeza kiasi gani.

Namba hizo zina maana. IIA inayoanza na 242 ni ya inchi 88, ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa soko la nje. 252 ni 109 ya aina hiyohiyo. Ukikuta kadi inasema 109 na chuma kinasema 242, kuna mtu aliunganisha magari mawili.

Kuna mambo mawili yanayojirudia Tanzania. La kwanza ni mirathi. Gari limesajiliwa kwa jina la baba aliyefariki zamani, na anayeuza ni mmoja wa watoto. Anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini hana mamlaka ya kuuza mpaka awe na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Bila hiyo, ndugu mwingine anaweza kujitokeza mwaka kesho na haki yake mkononi. La pili ni magari yaliyotoka serikalini, mashirika ya umma au misheni kwa njia ya mnada. Omba hati za mnada, na uone mlolongo wa wamiliki hadi aliye mbele yako. Kisha angalia kama namba ya gari ina faini za trafiki ambazo hazijalipwa, kwa sababu faini hufuata namba ya gari.

Chini ya gari

Beba nyundo ndogo, tochi, bisibisi ya zamani na gunia la kulalia. Fundi aliyenifundisha kazi hii alikuwa anafumba macho anapogonga. Chuma kizima kinaitika, kinatoa mlio mkali kama kengele ndogo. Kilichooza kinatoa sauti fupi, nzito, kama unagonga mfuko wa unga. Pale sauti inapobadilika, sukuma bisibisi. Ikiingia, umeshajua.

Anza nyuma, kwenye mhimili unaobeba ndoano ya tela, maana hapo matope ya magurudumu ya nyuma hukaa mwaka mzima. Fuata mikono ya chasisi inayotokeza pembeni kubeba bodi, vishikio vya springi, na eneo lililo juu ya tangi la mafuta. Pitisha kidole juu ya chasisi, upande usioonekana. Hapo maji hutulia. Kisha panda ndani, ondoa mikeka, tazama ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria: sehemu ya kuwekea miguu, na nguzo zinazobeba bawaba za milango. Huo ukuta ni chuma, si aluminiamu, na kuutengeneza ni kazi kubwa kuliko kufumua injini.

Watu wengi huja na sumaku kutafuta pati, ile ya kuziba mashimo kabla ya rangi. Kwenye mabawa na milango haitakusaidia, maana sumaku haishiki aluminiamu popote pale. Itumie kwenye chasisi na kwenye ule ukuta. Pasiposhika, umekuta pati au kitambaa kilichopakwa rangi.

Gari lililokaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa huliwa na chumvi ya bahari haraka kuliko lililokaa Dodoma au Arusha. Mimi nikiambiwa gari limeishi pwani, naongeza saa moja ya kugonga.

Injini, gia na magurudumu ya mbele

Fika mapema na mwombe mwenye gari asiliwashe. Gusa rejeta, ikiwa ya moto, limepashwa ili kuficha jambo. Fungua kifuniko cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na gasketi ya silinda hedi imekwenda au hedi imepasuka. Washa. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni halafu unaisha, hiyo ni mipira ya valvu, si msiba. Moshi wa bluu usiokoma ukikanyaga mafuta, ni ringi za pistoni.

Endesha. Teremka kilima ukiwa gia ya pili, toa mguu kwenye mafuta. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inadai pesa. Tazama pia mipira ya chuma inayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele. Ikiwa na vishimo vya kutu, oili itavuja kila siku hata ukibadilisha sili. Usukani mzito sana mara nyingi ni ile relei ya stelingi iliyojificha ndani ya mhimili wa mbele, iliyokaa miaka bila oili. Onyo: ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na ikifunguliwa vibaya inaruka kama risasi. Usimruhusu kijana wa gereji aifungue kwa kubahatisha.

Mwezi wa kwanza

Hata ukiambiwa sevisi imefanywa jana, anza upya. Badilisha oili ya injini, giaboksi, difu zote mbili na ile mipira ya mbele. Injini ya petroli inachukua lita 6.25, na karibu lita 7 ukiweka na filta mpya.

Kisha breki, na hapa usibane matumizi. Magari haya yana breki za dramu pande zote nne, mengi hayana kifaa cha kusaidia mguu, na ya zamani yana njia moja tu ya oili ya breki. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, pedali inakwenda mpaka chini na breki zote zinakufa kwa pamoja. Weka mipira mipya kwenye silinda zote, hosi mpya zote, na masta silinda ikiwa na mikwaruzo. Fanya hivyo kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya tairi nzuri.

Kwa moto wa injini: pointi za distribyuta ziwe na uwazi wa milimita 0.35 hadi 0.40, valvu milimita 0.25, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fila geji ya bei ndogo inatosha, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe Jumapili asubuhi.

Kabla ya kufunga betri mpya, tazama waya upi umeshikwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zina chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukifunga kwa mazoea utaunguza vitu, na chaja ya simu itakuwa ya kwanza.

Spana pia. Nati zake ni za inchi. Spana ya 13 inakaribia kukaa kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayokula pembe za nati mpaka zinakuwa duara. Nunua seti ya spana za inchi, mpe fundi wako, na mwombe kwa heshima asitumie nyingine.

Na mafuta. Injini hizi zilibuniwa enzi za petroli yenye risasi, na ile risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Huna haja ya kuogopa, ila pima uwazi wa valvu mara kwa mara. Valvu za moshi zikiendelea kubana kila ukipima, viti vinazama. Siku hedi inapofunguliwa, mwambie fundi wa mashine aweke viti vigumu.

Spea zipo. Dar es Salaam anza Gerezani na Kariakoo, Nairobi anza Kirinyaga Road. Ukipata kitu cha zamani kilichotumika lakini kizima, na kipya cha kuigiza, mara nyingi cha zamani ndicho kitakachodumu. Usitupe spea yoyote iliyotoka kwenye gari lako, hata kioo kilichopasuka. Weka kwenye sanduku. Utaona faida yake siku ya kuuza.

Kuendesha

Kwenye II na IIA, gia ya kwanza na ya pili haziingii kwa ulaini wa magari ya leo. Kutoka ya tatu kushuka ya pili: kanyaga klachi, weka huru, achia klachi, kanyaga mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, ingiza. Ukipatia, gia inaingia bila kelele na mkono wako unahisi kama kijiko kimeingia kwenye uji. Ukikosea, giaboksi itakuambia kwa sauti ambayo kijiji kizima kitaisikia. Jizoeze kwenye uwanja mtupu, si kwenye mteremko wa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Huo mteremko, na ule wa Lushoto kwenda Mombo, shuka kwa gia uliyoichagua ukiwa bado juu. Breki za dramu zikipata moto zinalegea, na chini hakuna wa kukusaidia.

Kitufe cha njano kikibonyezwa kinaingiza magurudumu ya mbele. Kigingi chekundu kikivutwa nyuma kinaingiza gia nzito, na hiyo fanya gari likiwa limesimama. Ukimaliza kwenye matope, simama, vuta kigingi nyuma kisha kirudishe mbele, na kitufe kitaruka juu chenyewe. Usiendeshe kwenye lami kavu na magurudumu ya mbele yameingia. Gari halina difu ya katikati, kwa hiyo kila kona inakunja shafti mpaka kitu kikatike.

Breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma. Kwa hiyo usiivute gari likiwa linakwenda, utavunja saidi shafti, ile inayozungusha gurudumu la nyuma. Na ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono inakuwa kama haipo: gurudumu lililo hewani linazunguka na gari linaondoka. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Kwa hili nakusihi kabisa, watu wameumia.

Kasi ya raha ni kilomita 70 hadi 80 kwa saa. 109 ya petroli inatembea kilomita 5 au 6 kwa lita, na tangi la chini ya kiti ni lita 45 tu. Hesabu kabla ya safari: ukitoka Arusha kwenda Dodoma, jaza Babati, kisha ongeza Kondoa. Usingoje geji ikuambie, nyingi zimeshachoka. Ndani beba mkanda wa feni, pointi, kondensa, rota, krosi ya propela, saidi shafti moja na maji lita kumi.

Halafu lipeleke walipo wenzake. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lake, na Nairobi kuna mashindano ya magari yaliyotunzwa, Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Siku moja kati ya watu hao utajifunza zaidi ya mwezi mzima gereji.

Kuuza

Wanunuzi ni wa aina tatu. Kuna anayetaka gari la shamba: huyo anaangalia springi, tairi na bei. Kuna mwenye hoteli au kambi ya watalii anayetaka sura ya zamani mlangoni. Na kuna mpenzi wa magari ya kale, wa hapa au wa nje, ambaye atalala chini na nyundo kama ulivyolala wewe. Huyu wa tatu ndiye anayelipa vizuri, na ndiye usiyeweza kumdanganya.

Kwa sababu yake, usipake rangi mpya kabla ya kuuza. Rangi ya asili iliyochujuka inamwambia kwamba hujaficha kitu. Rangi ya juzi inamtia shaka, na ana haki. Osha gari, chini pia, acha likauke. Piga picha za chasisi kutoka nyuma hadi mbele, mchana, zisizo na kivuli. Onyesha namba iliyogongwa ikilingana na kadi. Toa lile sanduku la spea za asili, na daftari ulilokuwa unaandika kila sevisi na kila risiti. Andika kasoro zote kwenye karatasi, hata vifuta vioo visivyofanya kazi, na umpe kabla hajauliza. Nimeona bei ikipanda kwa sababu ya karatasi hiyo.

Akija kujaribu, endesha wewe kwanza, naye akae pembeni aone unavyobadilisha gia. Kisha mpe kwenye barabara tupu.

Malipo yafanyike benki, mkiwa wote wawili. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chasisi, namba ya injini, bei, tarehe na saa. Kisha nendeni pamoja TRA kuhamisha umiliki, na ushuru wa stempu ulipwe. Usikubali ahadi ya kubadilisha jina mwezi ujao. Gari likisababisha ajali likiwa bado kwa jina lako, polisi wataanzia kwako.

Siku ya kukabidhi, tenga saa moja. Mwonyeshe choki inavutwa kiasi gani asubuhi ya baridi, waya upi wa betri umeshikwa kwenye bodi, breki ya mkono inafanyaje kazi, na mawe unayaweka wapi. Mpe namba ya fundi wako. Mpe na zile spana za inchi.